Majibu ya Bwana Zege

Jumatatu, 3 Agosti

Kamati ya wakazi imenipa kazi! Kijitabu cha wagombea udiwani wa kata yetu. Wagombea watatu, maswali saba — maji, taka, mitaro, taa za barabarani, soko, shule, na haya maghorofa yanayoota kila wiki. Kila nyumba itapata nakala. Mimi nachapa, natoa kopi, nabana pini.

Mwenyekiti wa kamati alikuja dukani na rula. Kweli kabisa, rula! Uchaguzi uliopita mgombea mmoja alilalamika kwamba mwenzake kapewa nafasi kubwa. Basi safari hii kila mtu ukurasa mmoja, ujae mpaka chini, usipungue wala usizidi. Atapima mwenyewe.

Mgombea mmoja ni Shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka tisa. Nimemwambia Mwenyekiti mapema, asije akasema nilificha. Akanijibu kwamba mchapaji hana shangazi. Haya.

Jumatano, 5 Agosti

Mwalimu Mstaafu kaleta karatasi kumi na moja, mwandiko wa kuringia. Swali la kwanza ni la maji. Yeye anaanza: kabla ya maji, hatuna budi kujiuliza, mji ni nini? Karatasi ya nne bado anajiuliza. Nimekata, nimekata, mpaka nimemhurumia.

Kisha Shangazi, kavaa ile miwani yake ya mikutano. Fundi cherehani hodari kuliko wote mtaani, ila akishika kalamu anageuka tangazo la serikali. Atahakikisha huduma bora kwa wote. Atashirikiana na wadau. Wadau gani? Nikamwambia, Shangazi, sema la choo cha soko. Wauza mboga wanashinda na kiu kutwa ili wasilazimike kukiingia. Wewe mwenyewe ulinisimulia, ukatokwa na machozi! Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe piga chapa, mawazo niachie mimi. Kiongozi haanzii kampeni chooni."

Mbele ya wateja wawili! Nimeudhika, sifichi. Nimechapa kama alivyotaka, kila mdau na nukta yake. Mara ya tatu hii anagombea. Kasema akishindwa tena ndiyo basi, hataki kusikia neno siasa mpaka anaingia kaburini.

Alhamisi, 6 Agosti

Bwana Zege naye kaleta. Ni yule mkandarasi wa maghorofa — mtu mpana, mcheshi, akiona kiwanja kitupu macho yanamng'aa. Majibu yake: "Nitalishughulikia." Mara sita! La saba: "Hilo pia."

Mistari saba kwenye ukurasa wa Mwenyekiti na rula yake. Nikampigia simu. Makelele ya mashine ya kuchanganyia zege. Nikamweleza pamebaki peupe. Akasema nijazejaze, mimi si ndiye msomi, yeye yuko ghorofa ya tano. Nijaze nini? Chochote. Akakata.

Basi nimejaza! Mungu nisamehe, sijawahi kufurahi hivi kazini. Taka: gari lipite siku moja inayojulikana, asubuhi kabla watu hawajatoka, na lipige honi. Maghorofa: kila lenye pampu lijenge tangi lake, lisinyonye bomba mchana huku nyumba za bondeni zikifungua mfereji na kupata upepo. (Na ni yeye anayeyajenga! Nilicheka mpaka nikaegemea mashine ya kopi.) Halafu soko: "Nitatumia choo cha soko kila Ijumaa, mchana kweupe, kipindi changu chote. Na kwa kuwa ahadi ni deni, naanza kabla ya kura."

Nimempelekea nakala asaini. Kasaini bila kusoma, kaniachia na alama ya dole lenye saruji. Mwenyekiti kapima. Kasema safi.

Jumatatu, 10 Agosti

Vijitabu viligawiwa juzi. Loo! Mji mzima ni choo tu. Kinyozi anausoma ukurasa wa Bwana Zege kwa sauti, wateja wanashika tumbo, na wembe uko shingoni. Wauza mboga wameukata wakaubandika mlangoni mwa choo chenyewe.

Saa nne akaingia dukani Bwana Zege mwenyewe. Nikajua leo ndiyo leo. Kumbe! Akasema hilo la pampu limemchoma, usiku hakulala. Lakini njiani watu wamempungia mkono. Watu wasio mafundi! Hajazoea. Akasimama kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ile Ijumaa ni Ijumaa hii.

Nikamwambia mimi ni mchapaji tu, ila kalenda yangu ina Ijumaa moja kwa wiki.

Ijumaa, 14 Agosti

Kaenda! Suti, tai, viatu vinang'aa. Umati kama wa harusi. Nilifunga duka, nisingekosa kwa lolote.

Aliingia akipunga mkono. Wauza mboga wakaanza kuhesabu dakika kwa sauti. Ya kwanza, vigelegele. Ya pili, vicheko. Ya nne akatoka. Tai mfukoni, miguu ya suruali imekunjwa hadi magotini. Hakupunga. Akaketi juu ya kreti la nyanya akimtazama mama mmoja muuza mboga aliyekuwa mbele yake.

"Mama, na wewe huwa unaingia humo?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu, mwanangu."

Umati ukachoka kumtazama, ukaanza kutawanyika. Hapo ndipo akapiga simu: mlango, bomba, bati, kesho asubuhi, mafundi watoke ghorofani waje hapa. Hakuna aliyekuwa anapiga picha tena.

Nilikwenda kucheka. Nimerudi nimesahau kucheka. Sikutegemea.

Jumapili, 16 Agosti

Shangazi kaja kwangu. Hakuvua viatu, kaenda moja kwa moja jikoni. Kuna mtu anamwandikia yule bwana! Yule tangu azaliwe hajaandika zaidi ya orodha ya mbao. Anamshuku Mwenyekiti. Mara anamshuku mke wa Mwalimu. Mara, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," na mimi huyo namkabidhi kikombe. Chai ilimwagikia kisahani. Hakuona.

Kisha akaketi, na hapo mchezo ukaisha utamu. Wauza mboga wamemwambia, samahani mama, safari hii ni Zege. Wale wale aliowashonea sare za watoto kila Januari! Walikuwa watu wangu, anasema. Walikuwa watu wangu. Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

Nilifungua mdomo niseme. Nikamuuliza kama sukari inatosha.

Mimi ni mtu mbaya? Lakini kila nililoandika ni kweli! Na nilimpa yeye kwanza.

Alhamisi, 20 Agosti

Mdahalo ni keshokutwa. Bwana Zege kaja kuomba majibu. Nikakataa. Nikamwambia mpinzani wako ni shangazi yangu. Akatoa macho.

"Sasa dada, mbona haya yote hukumwandikia yeye?"

Nikasema alikataa. Akafikiri. Akasema basi nikae mahali atakaponiona, apate moyo. Nikasema nitakaa nitakapokaa.

Choo kina mlango sasa. Nimekwenda kukiona. Kina hata kitasa.

Jumamosi, 22 Agosti

Ukumbi wa shule. Mwenyekiti kanipa kazi ya kuandika kumbukumbu za mkutano, kwa hiyo hakuna anayeshangaa kalamu yangu. Safu ya sita, katikati. Kumbukumbu rasmi nitaandika baadaye.

Mwalimu Mstaafu amepewa dakika mbili. Zimeishia kwenye salamu.

Shangazi kasema. Wadau mara nne. Watu wanakohoa.

Sasa mama mmoja wa bondeni kasimama. Anamuuliza Bwana Zege: ghorofa lake jipya nyuma ya shule, lenye pampu mbili — lina tangi? Kijitabu kinasema kila ghorofa liwe na tangi. Anataka kusikia lini.

Bwana Zege anafuta paji la uso. Anatafuta. Lo, ananitazama mimi! Si kwa kuibia — kanielekezea uso mzima, kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

Shangazi kaona.

Kamtazama yeye, kanitazama mimi, kaitazama kalamu. Anafungua kijitabu. Anausoma ukurasa wa Zege kwa kidole, mstari kwa mstari. Anayajua maneno yangu kama anavyojua mshono wa kila fundi hapa mjini. Kidole kimefika kwenye Ijumaa. Kimesimama.

Kasimama na yeye. Anasema, Mwenyekiti, jibu la swali hilo huyu bwana halijui. Na mimi silijui. Anayelijua ni mwanangu yule pale anayeandika. Apewe kipaza sauti.

Vichwa vyote nyuma! Mwenyekiti anasema mchapaji si mgombea. Shangazi anasema anafahamu hilo. Sauti yake haina hasira. Au inayo? Miaka yote niliyokaa naye, sijui!

Kipaza sauti kinakuja, mkono kwa mkono. Kinyozi kakipuliza kwanza kuona kama kinafanya kazi. Safu ya nne. Bwana Zege ananipungia mkono, mjinga huyu.

Shangazi ameketi. Amefungua mkoba, ametoa kalamu na karatasi nyeupe, ameilaza magotini. Miwani amevaa.

Jirani ananigusa bega, kipaza sauti hiki hapa