Kihori Kilichojaa Mvua

Baba,

Shikamoo. Nimekaa hapa uani kwetu Makote, Newala, nikisubiri marahaba yako, nikajikuta nalia, basi nikaona bora niandike.

Nimechukua kazi yako. Mama hakutaka, alisema bahari ilimchukulia mume, sasa inamtaka na mtoto. Mwisho alikubali, ila kila jioni ananipigia simu kuuliza upepo.

Nahodha wako alinipa safari moja ya majaribio: nikiharibu, narudi Newala. Akanikabidhi kihori, kile kiboti tunachokiburuta nyuma ya boti ya matanga. Nikakumbuka ulivyonifundisha hapa hapa, mimi juu ya baiskeli, kinu kimefungwa nyuma kwa kamba, wewe unafoka, "Legeza kamba, Zuhura, usikibane!" Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Basi nikatoa makasia, nikaachia kamba mpaka kihori kikawa kinapanda wimbi pamoja nasi. Kilitufuata vizuri, Baba. Natamani ungekiona.

Mchana wingu likafunga. Nahodha akaamuru kipandishwe. Tukakivuta juu, nikakilaza mbele ya mlingoti, nikakifunga barabara. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na unatujua watu wa Newala kwa shida yetu ya maji: mvua ikinukia, hata sufuria ya mboga tunaitoa nje. Nikakilaza kikitazama juu. Mikono yenyewe ilifanya, sikufikiri. Kikajaa pomoni, boti ikaanza kulemewa mbele, na nahodha akaja mbio, kalowa chapachapa. Nilijua kazi imekwisha.

Tukamwaga maji, tukakigeuza kifudifudi. Kisha akakaa kitako akacheka hadi akajifuta macho.

"Baba yako naye," alisema, "mwaka wake wa kwanza alifanya hivi hivi. Nilipomfokea akanijibu, 'Nahodha, kwetu mvua ni mgeni, hafungiwi mlango.'"

Nikacheka, halafu nikalia. Miaka yote ile hukutuambia, mjanja wewe! Nakupenda, Baba. Kazi nimepata.

Kesho narudi Mikindani, botini. Pumzika, usituwaze. Nakuahidi nitakilaza kihori kifudifudi kila mara. Ila mvua ikinyesha, kikombe kimoja nitakiacha wazi, nahodha ameridhia. Nitakunywa mimi, kwa niaba yako.

Mwanao,
Zuhura