Siku Tuliyomwosha Amina

Haneti, Dodoma
Jumatano, 22 Juni 1994

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Shikamoo Mama. Leo nitakuandikia yote, hata yale ambayo ningependa usiyasikie, kwa sababu huenda yakafika Ujiji kwa mdomo wa mtu mwingine kabla ya barua hii. Mwambie Mwanaisha akusomee taratibu, asiruke mahali, na akianza kuogopa amwachie Baba aendelee.

Kwanza hali zenu. Mguu wako unaendeleaje? Na Baba, bado anakohoa alfajiri? Mimi mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku ni ya upepo, inapasua midomo, lakini lile sweta la mitumba ulilonichagulia linanisaidia sana. Huwa nalivaa hata ndani ya blanketi.

Kambi yetu ni ya wasichana wa Kiislamu kutoka shule mbalimbali. Tumepiga mahema kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo, karibu na mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa. Maji tunayafuata korongoni pamoja na akina mama wa kijiji. Tunafukua mchanga mpaka yatokee, tunachota kidogo kidogo. Nimejifunza kutia udhu kwa kikombe kimoja. Mchana tunasoma, na jioni tunakaa duara, kila mmoja anasema lililo moyoni mwake. Mama, sikuwahi kuwa na ndugu wengi namna ile. Mwenzangu wa hema ni Salha, mtoto wa Tabora, mcheshi sana. Siku ya kwanza tulipopewa ugali wa uwele na mlenda alisema, "Jamani, huu mlenda unapita kooni bila hata kupiga hodi!"

Jumapili mwalimu wetu wa kike, Ukhti Rukia, alitufundisha kuosha maiti. Salha ndiye aliyelala mkekani tumfanyie mazoezi. Kila tukimgusa ubavuni alikuwa anacheka, mpaka Ukhti naye akashindwa kujizuia: "Maiti gani huyu anatekenyeka?" Tulicheka sana siku hiyo. Jioni tukaambiana kwamba sisi ni kama mwili mmoja.

Jumatatu asubuhi akaja mtu wa kijijini, jina lake Yona.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo, halafu akageukia Kiswahili. "Nimekuja kwa shida. Dada yangu Amina amefariki. Nyumba yetu nzima ni Wakristo, ila yeye alisilimu alipoolewa Singida. Mume alipokufa akarudi kwetu, anaumwa. Ametuachia neno kwamba tumzike kwa dini yake. Wanaume wa msikiti wamekubali kuchimba na kusali. Wa kumwosha ndiyo hakuna, wake zao wanaogopa. Sitawaficha, ugonjwa wenyewe mnaujua."

Ukhti Rukia akauliza nani wawili watafuatana naye. Mama, sisi tuliokuwa mwili mmoja tukaangalia chini. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Mama yangu hakunileta huku nije kufa." Kisha Salha akanyoosha mkono. Mimi nilinyoosha kwa sababu sikuweza kumwacha aende bila mimi. Huo ndio ukweli, sikuwa na ushujaa wowote.

Kiongozi wa kambi, ambaye tunamwita Ustadhi, alituambia kabla hatujaondoka, "Waingie Waislamu peke yao. Hiyo ni ibada."

Amina alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, amefunikwa khanga. Tulijifunga mifuko ya nailoni mikononi. Akina mama wa kijiji walikuwa wameleta maji, kila mmoja ndoo yake, na najua umbali wa korongo lile. Mimi nikapewa kazi ya kusimama mlangoni, penye pazia, na kupokea maji.

Hapo ndipo alipokuja mama yake Amina. Ni bibi mfupi, ana beseni kichwani na kipande cha sabuni mkononi. Akataka kupita. Nikamwamkia, nikamwambia kwa adabu kwamba tumeambiwa asubiri nje mpaka tumalize. Alinitazama kama vile nimesema jambo la kuchekesha.

"Mimi ndo namuogeshaga," alisema. "Kila siku namuogeshaga mimi. Leo nani?"

"Leo sisi, bibi. Ndivyo dini ilivyo."

"Mnamjua?"

Nikabaki nimelishika pazia. Akaketi chini palepale, mgongo ukutani, beseni mapajani. Hakulia. Nilirudi ndani nikamwambia Ukhti, naye akasema tu, "Tuendelee."

Tukaendelea. Sitakueleza alivyokonda, ila Salha hakufanya mzaha hata mmoja. Tulipofika kwenye nywele, zilikuwa chache na zimeshikamana, na katika madhehebu yetu ya Shafii unajua mwanamke husukwa mikia mitatu. Nilijaribu. Mfuko wa nailoni ukawa unazivuta nywele. Zikang'oka moja baada ya nyingine. Nikaona kama namuumiza. Nikasema, "Ukhti, mama yake yupo hapo mlangoni." Ukhti Rukia hakuniambia ndiyo wala hapana. Aligeuka akaanza kutwanga karafuu maiti ya kutia katika maji ya mwisho, akanipa mgongo. Nikaenda nikafungua pazia.

Bibi aliingia, akaweka beseni chini, akapiga magoti penye kichwa cha Amina. Hakuvaa mfuko. Alilowesha vidole, akazifungua nywele taratibu, huku anamsemesha kwa Kigogo, sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mtoto atulie. Ukhti alimwonyesha vidole vitatu. Akasuka mitatu, myembamba, imenyooka. Kisha akatoka mwenyewe bila kuambiwa, nasi tukammiminia Amina maji ya mwisho na kumvika sanda.

Baada ya maziko Ustadhi aliuliza nani alimwingiza yule mama. Ukhti Rukia akasema, "Sote watatu." Nikasema hapana, ni mimi niliyefungua. Ustadhi si mtu mbaya, Mama, na siandiki ili kumsema. Alikuwa na huzuni kuliko hasira. Alisema tumeigeuza ibada kuwa jambo la huruma zetu, na kwamba wengine wataiga. Jana Ukhti Rukia alipandishwa lori la mahindi kurudishwa mjini. Aliniaga kwa mkono tu.

Tangu hapo mimi na Salha tunakula mbali. "Zuhura, chukua sahani yako ukae kule," waliniambia, na kikombe changu wamekifunga kitambaa chekundu wasije wakakosea. Wengine wanaogopa ugonjwa, wengine wanaogopa dhambi, na wengine nadhani wanafuata tu. Jioni kwenye duara tunaachiwa nafasi pembeni. Salha anasema tumepata hema kubwa la watu wawili, tushukuru. Usiku nikisali sijui niseme nini, kwa hiyo nakaa tu kwenye mswala, na kwa namna fulani naona nasikilizwa kuliko zamani.

Ustadhi ameagiza kwamba tukirudi shuleni, kwenye mkutano wa kwanza wa umoja wetu wa wanafunzi wa Kiislamu, nisimame mbele ya wenzangu niseme nilikosea. Nikisema hivyo yataisha. Nisiposema, nitatolewa kwenye umoja wetu, na Salha ameapa atatoka na mimi. Nimetafuta kosa langu mahali ninapoweza kulishika, maana sitaki kuwa mkaidi mbele ya Mungu. Kila nikitafuta namwona yule bibi na beseni lake.

Nisalimie Baba, umsihi asikasirike kabla ya kusikia mpaka mwisho. Nisalimie Mwanaisha mdogo wangu, na Bibi Kuluthumu mzaa baba, umwambie aniombee dua. Msalimie Mjomba Hamisi, na ukiwa tayari na majibu umpe yeye awakabidhi watu wa treni, yafike shuleni kabla ya mkutano. Nitasema nitakavyoelewa kutoka kwako, kwa sababu wewe ndiye unayejua lile ambalo mimi na Ustadhi hatulijui.

Mimi mwanao Zuhura nakuuliza, nawe usinifiche: kama ningekuwa mimi niliyelazwa mle ndani, na msichana usiyemjua amesimama mlangoni, ungekubali kubaki nje?