Bunduki ya kufukuza tumbili

Jumamosi, Novemba. Mvua ya baridi tangu asubuhi. Saa tisa mchana tu na huku kwa Waswidi nje ni giza.

Leo nimeuzwa na mtoto wangu.

Kazi yangu ni kuhamisha vitu vya watu. Wiki jana tulikuwa kwa Gunilla, mama mzee wa Kiswidi. Amefiwa na bwana, anahamia nyumba ndogo mtaa wa Rågsved. Akafungua kabati la chuma. Ndani, bunduki.

Pointi tuu-tuu, ile ya risasi ndogo. Ya zamani, kitako cha mbao, nyembamba kama mpini wa ufagio.

Nikasimama kama mjinga. Baba yangu alishika kama hiyo. Alikuwa mlinzi wa shamba la mzungu kule Kitale, anafukuza tumbili kwa mahindi. Mimi niko nyuma yake na risasi mfukoni, ndogo kama maharagwe. Ikilia, pa! kama kijiti kikavu. Nikaishika hii ya Gunilla, nikasikia harufu ya yale mafuta, nikaona koti la baba.

Gunilla akasema, "Ukipata kibali cha polisi, uje uchukue. Sitaki pesa."

Tangu mke wangu afe sijataka kitu. Hii niliitaka.

Kiswidi cha ofisi kinanishinda. Nikampigia binti yangu Nekesa, anakaa mji wa Södertälje, aniulizie polisi, nikampa na namba ya Gunilla.

"Sawa baba, niachie mimi."

Nikamwachia.

Leo nimeenda kwa Gunilla kubeba masanduku ya mwisho. Kabati tupu. Akasema binti yangu alimpigia, akamwomba asinipe. Polisi wamekuja, wamechukua. Akanishika mkono kama mgonjwa. "Una mtu wa kuongea naye?"

Nikampigia Nekesa hapo hapo kwa ngazi.

"Pappa, jag är rädd," akasema. Eti anaogopa. Halafu kwa Kiswahili, pole pole: "Ulisema unataka kumfuata mama. Nilikusikia."

Nilisema. Siku tulimzika. "Nichukue na mimi, unaniachia nani?" Kwetu ndivyo mtu analia. Baba alimlilia mama yangu hivyo hivyo, alitaka hata kuruka kaburini, wanaume wakamshika. Jioni akala ugali. Kesho yake akarudi kwa tumbili.

Hakuna mtu alimfichia bunduki.

Nekesa amekulia hapa. Hapa wanalia kimya, na leso. Sawa. Lakini ni damu yangu. Kilio changu amekitoa nje, akampa mtu simjui vizuri. Gunilla anajua. Polisi pengine wanajua. Vijana wa kazi walikuwa pale kwa ngazi na kochi mikononi, wanasikia, wanaangalia viatu.

Nimerudi nyumbani, nimeweka chai.

Amepiga simu, amepiga tena. Sijashika.

Angepanda treni. Angekaa hapa kwa meza, kiti cha mama yake, aniulize uso kwa uso: baba, unataka kufa? Hakuniuliza. Hiyo inauma kuliko bunduki.

Na angeniuliza, ningemjibu nini?