Kadi Namba Kumi na Moja

Nyakoe, Kisii
21 Julai 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Ochoki,

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu yote. Natumaini hujambo wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Molo haijakurudishia kile kikohozi cha mwaka juzi. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha ya kutosha, majani chai tunachuma mara mbili kwa wiki, na ndizi za kule chini mtoni tumeziwekea nguzo kwa uzito. Ukiona mtu anaanza barua kwa ndizi, jua kuna jambo analizunguka, na wewe umenijua tangu utotoni kuwa mtu wa kuzunguka.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako hupokewa na yeyote aliye karibu nayo, na mara ya mwisho nilisikia watu wakicheka pembeni, nikajua umeniweka kwenye spika. Barua hii nimeituma kwa ofisi ya vifurushi, na nimeipaka gundi pande zote. Ukiikuta imefunguka, usikubali wakikuambia ni joto la gari.

Habari yenyewe ni ya ile Jumapili ya Agosti, siku ya kuikumbuka timu yetu ya Nyakoe Rangers. Nimesikia umealikwa, na nimesikia umejibu kwamba utakuja kwa sharti moja: Obwocha wa baba mdogo asionekane uwanjani. Nimelibeba neno hilo wiki tatu sasa, na usingizi umenipaa.

Nianze na kijana aliyeleta mambo haya. Mwezi wa tano alikuja hapa mtu anaitwa Dancun, kijana wa upande wa ziwani, amevaa viatu vyeupe kwenye tope letu. Alisema yeye ni mjukuu wa mzee Odero, yule mpiga picha aliyekuwa na studio pale sokoni na aliyetengeneza zile kadi za wachezaji. Akasema anazitafuta kadi zote kumi na sita ili azikuze na kuzibandika kwenye ukuta wa shule siku hiyo ya Agosti. Mimi simwamini mtu anayecheka kabla ya kuketi, na huyu alicheka tangu langoni. Nikamwambia sina kadi. Hapo Gladys akaniumbua, akatokea jikoni akisema mume wangu anazo kwenye kopo la kakao, huzitoa kila nikienda kupeleka majani chai. Miaka ishirini na minne ya ndoa, na sikujua kwamba mke wangu hunichungulia.

Basi nikalileta kopo. Nilikaa karibu nalo, nikampa kadi mojamoja, na sikumpa ya pili kabla ya kurudishiwa ya kwanza. Lakini nakuambia kweli, kaka, zilipolala pale mezani moyo wangu ulilainika. Unazikumbuka? Zile picha nyeusi na nyeupe za ukubwa wa kiganja, kwenye karatasi ngumu, na nyuma mzee Odero ameandika kwa wino namba, jina na nafasi ya mchezaji. Shilingi moja nje ya uwanja. Shuleni tulikuwa na soko letu: mabeki wawili kwa mshambuliaji mmoja, na yule kipa wa akiba hakuna aliyemtaka, ulihitaji watatu wake kupata hata beki mzee. Nyanchera wa darasa la saba aliwahi kunipa kiazi kitamu na namba nane kwa namba tisa wangu, na mpaka leo naona alinipunja. Miaka ile mitatu, themanini na tano hadi themanini na saba, hakuna timu iliyotoka Nyakoe na ushindi. Waliokuja wakijigamba walirudi kwao wakisingizia mvua.

Na zaidi ya wote palikuwa na winga wa kushoto, namba kumi na moja, Owino. Watu walidhani ni mtu wa ziwani. Wewe na mimi tunajua Owino alikuwa nani. Alikuwa ni wewe, mwana wa mzee wa kanisa la Sabato, uliyekuwa ukiaga kila Jumamosi asubuhi kwamba unakwenda Magwagwa kufundisha kwaya ya kanisa changa. Mzee Odero alikuazima jina la kwao, na kofia uliivuta mpaka nyusi. Siri ilikaa miaka mitatu kwa sababu nyepesi tu: Msabato aliyekuona uwanjani angelazimika kueleza yeye mwenyewe alifuata nini huko siku ya Sabato.

Dancun alihesabu kadi zangu, zikawa kumi na tano. Akauliza namba kumi na moja iko wapi. Nikamjibu ilipotea. Akaniangalia kidogo, akaandika kitu kwenye simu yake. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Akawa anarudi kila wiki, mara kwa Zachariah aliyekuwa nahodha, mara kwa Obwocha, na kila aendako anauliza swali lilelile: kwa nini Owino hakucheza fainali ya themanini na saba, na nani alimchongea. Nikasema moyoni, dalili ya mvua ni mawingu. Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma. Nilidhani umekaa Molo miaka yote hii, ukapata mtu wa kuja kunipeleleza kwa viatu vyeupe. Nikaanza kumwuliza Gladys amezungumza naye nini, na alipokuwa anachelewa kwenye kituo cha kupimia majani chai nilimfuata kwa njia ya juu nione anasimama na nani. Alikuwa anasimama na wanawake wenzake, wanapanga foleni. Aliponiona nyuma ya mti alinicheka, na nikastahili.

Tuyakumbuke ya siku ile, maana wewe unayajua kwa upande wako. Ijumaa jioni, jua linatua, Baba alituita sebuleni kufungua Sabato. Akafungua Biblia yake asome, na kadi ikaanguka mezani. Uso pengine ungeukana, kwa ile kofia. Lakini nyuma, chini ya wino wa Odero, palikuwa na mwandiko wako na jina lako halisi: Kwa Obwocha, ndugu yangu. Ochoki. Baba alikuonyesha, akaitia kadi jikoni motoni, kisha akarudi akasoma sura mpaka mwisho. Kesho yake alitembea nawe bega kwa bega hadi kanisani, na mbele ya watu wote akaomba mwanawe mwenyewe aondolewe kwenye ushirika. Saa hiyo wenzako walikuwa Kisii wakivaa jezi. Walifungwa matatu kwa moja, na mwaka haukuisha timu ikavunjika.

Wewe ulifanya hesabu ambayo mtu yeyote angefanya. Kadi ilikuwa ya Obwocha, mwana wa baba mdogo, Mkatoliki aliyekuwa huru kucheza Jumamosi na aliyekuwa kipa wenu. Uliniambia ukiwa unafunga nguo zako kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ukaenda Molo. Na siku tulipomzika Baba, miaka sita iliyopita, Obwocha alikunyooshea mkono kando ya kaburi, ukampita kama mti. Niliona mkono wake ukibaki hewani. Nilitaka kusema siku hiyo. Nikajiambia msiba si mahali pake.

Alhamisi iliyopita Dancun alikuja tena, na safari hii hakucheka. Alisema Obwocha amesikia sharti lako, na ameomba arekodiwe. Akanionyesha kwenye simu. Obwocha amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, amezeeka, kofia magotini. Anasema ni kweli, yeye ndiye aliyeipeleka kadi kwa mzee, kwa wivu wa ujana. Anasema Ochoki hakukosea kukasirika, picha yake yeye isiwekwe ukutani, na yeye hatakuja, ili ndugu yake arudi nyumbani bila kinyongo.

Nitakueleza jambo la kwanza nililowaza, unione nilivyo. Niliwaza: huyu anataka nini kwangu? Niliwaza ule mpaka wa mashamba yetu kule mtoni. Nikaenda kwake moja kwa moja kabla hata Dancun hajamaliza chai. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamwuliza kwa nini anajisingizia jambo ambalo hakulifanya, na anadai nini. Hakuacha kukata. Alisema hadai kitu. Alisema amejua tangu mwanzo, kwa sababu Alhamisi ile kadi ilipotoweka mezani kwake, mtu mmoja tu aliingia nyumba ile, naye alikuja kuleta maziwa. Alisema alinyamaza kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na miwili angepigwa na mzee yule mpaka avunjike, na alipokuja kuona mtoto amekuwa mtu mzima, akaona mwenye neno lake atalisema mwenyewe. Kisha akaniomba nimsaidie kufunga mzigo, nikaufunga.

Mleta maziwa nilikuwa mimi, kaka. Mimi Mose.

Sikuwahi kukuona ukicheza hata mara moja. Kila Jumamosi nilikaa kwenye benchi karibu na Baba, na Jumapili Obwocha alinisimulia mabao yako akitumia viazi mezani. Kadi zile ndizo uwanja wangu, na yako peke yake mzee Odero hakuiuza. Nilikuomba yako miaka miwili, ukaniambia ni hatari, nitaidondosha, nitaringa nayo. Nilikubali. Siku ile nilipoingia kwa baba mdogo na chupa ya maziwa nikaiona imesimama mezani, nikaigeuza, nikasoma ndugu yangu. Mimi ndiye ndugu yako. Niliitia ndani ya shati. Ijumaa mchana niliiweka ndani ya Biblia ya Baba, pale penye utepe, mahali alipokuwa afungue. Nisikudanganye kwamba niliisahau humo. Nilitaka ukatazwe. Nilitaka Jumamosi moja tu ukae kanisani karibu nami. Sikujua kwamba baada ya Jumamosi hiyo sitakuwa na kaka nyumbani, na nilipomsikia kila mtu akimtaja Obwocha, niliogopa, kisha nikazoea. Hilo la kuzoea ndilo linalonitia aibu kuliko wizi.

Miaka thelathini na minane nimewashuku watu: mke wangu, majirani, mpiga picha, mjukuu wa mpiga picha. Kumbe niliyepaswa kumchunga nilikuwa nikilala naye ndani ya ngozi yangu hii hii.

Jana nilimwita Dancun, nikaketi mbele ya simu yake, nikayasema haya yote kwa jina langu. Nimemwomba asimwonyeshe mtu kabla hujaipata barua hii, maana si haki uyasikie kwenye ukuta wa shule. Amekubali, na nimeamua kumwamini, ingawa nilimwomba arudie ahadi mara mbili.

Sikuombi msamaha kwa barua. Ukitaka kunikemea, njoo unikemee usoni, nitasimama. Ninaloomba ni moja. Ile Jumapili njoo, lakini usianzie kwangu. Pita kwa Obwocha, mshike mkono nje, barabarani, watu wakiona, mwende uwanjani pamoja. Amekuwa kipa wenu miaka mitatu na mbebaji wa kosa langu thelathini na minane, na yeye hatakuambia kwamba amechoka. Kama kuna mtu wa kukosa siku hiyo, si yeye.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Gladys anakusalimu. Nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga, naye akasema niitume leo, nisingoje kesho. Mungu akulinde njiani, kama utakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Mose