Treni ya Babu Haikufika Musoma

Apolinary, kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha treni yangu. Muuaji ni baba mdogo Fredi.

Ameizamisha kwenye ndoo ya kunawia. Kwenye ndoo, mbele ya ukoo mzima hapa Butiama.

Unajua marehemu babu alifanya kazi reli ya Mwanza maisha yake yote, akiapa kwamba siku moja treni itafika Musoma. Basi mimi nikaifikisha. Miezi mitatu nimejenga reli ndogo juu ya kipande cha silingibodi, na stesheni ya Bunda, na ya Musoma. Ndani ya injini nikaweka chipu yenye sauti ya babu mwenyewe, niliyomrekodi akiwa hai akitangaza safari hiyo ya ndoto zake.

Leo baada ya misa ya kumwombea nikawasha. Ilipofika Bunda, babu akatangaza, "Abiria wa Bunda shukeni, msisahau kuku wenu."

Shangazi Recho akaangusha sahani. Baba mdogo akainyakua injini. "Wewe uliwekaga chura kwenye buti la padri. Leo unamchezea baba yangu?" Halafu ndani ya ndoo.

Chura nakiri, na sijutii. Lakini huu haukuwa mzaha, na hakuna aliyeniamini.

Isipokuwa bibi. Alitoka jikoni akauliza, "Mbona mmemnyamazisha? Alikuwa hajafika Musoma."

Chipu imekufa. Simu yangu ya zamani, yenye rekodi yenyewe, iliibiwa. Ila ile sauti nilikutumiaga Krismasi, ukalalamika inakujazia simu.

Usiniambie uliifuta.