Siti Tatu Nilizokupa, Baba

Shikamoo, Baba.

Baiskeli yako iko kwetu Kasulu sasa. Mwanao Yeremia, mume wangu, aliifuata Murungu wiki mbili baada ya mazishi, akaja nayo juu ya basi. Alitaka kuiuza. Nilimwomba aiache kwanza, nikaiegemeza nyuma ya duka karibu na matairi, na kila nikipita naiona siti yake, ile ya tatu, yenye mfereji katikati, ambayo hukuikalia hata mwezi mmoja. Mama hajui kwamba nakuandikia. Yeremia anajua, na ameniachia meza.

Wewe ulijua kwamba nauza vipuri vya baiskeli, lakini hukuwahi kuniona nikiifanya kazi yangu vizuri. Mbele yako nilikuwa mtu mwingine. Watu wa hapa sokoni wananijua kwa siti. Mtu akija kulalamika kwamba siti inamuumiza, simpi ile iliyo karibu na mkono. Namuuliza anaendesha njia gani, kwa muda gani, na anabeba nini. Anayekaa wima na gunia la maharage kwenye keria, kwenye barabara zetu hizi za mawe na milima, namtafutia pana yenye springi. Kijana anayeinama mbele kwenye baiskeli ya gia namtafutia nyembamba. Mwenye fedha kidogo namwambia asizitamani zile nene za sponji laini, maana mtu huzama ndani yake, na akishaendesha saa moja sponji inamsukuma pale pasipotakiwa kusukumwa. Ile ngumu kidogo, ya bei ya chini, inayolingana na mifupa yake, itamfaa kuliko hiyo.

Halafu namkalisha kwenye kipande cha boksi juu ya benchi. Akiinuka, boksi limebaki na mibonyeo miwili ya mifupa ya makalio, nami napima kutoka mmoja hadi mwingine kwa futi ya fundi cherehani. Watu hucheka, lakini wanakaa. Na kabla hajaondoka namwambia kwamba maumivu ya siti huisha siku mbili tatu baada ya kushuka. Yasipoisha, tatizo si siti, aende hospitali.

Hayo nimewaambia watu nisiowajua hata majina. Wewe sikukuambia.

Siku ile ya kwanza ulikuja Kasulu kumwona mjukuu wako Neema alipokuwa ametoka kuumwa surua. Ulisimama mlangoni pa duka ukangoja mpaka wateja wote waishe. Nilipiga goti nikakusalimia. Ukaangalia matairi, ukaangalia minyororo, ukauliza habari za mvua kana kwamba mvua ya Kasulu si ile ile ya Murungu. Ndipo ukasema siti yako imechoka, inakusumbua ukienda mnadani Kumsenga na asali.

Nilijua cha kufanya. Boksi lilikuwa pale pale kwenye benchi. Lakini ningekwambiaje, Baba? Nikuambie ukae juu ya boksi mbele yangu, kisha niiname nipime? Mimi ambaye nyumbani kwako sikukalia hata kigoda ulichoinuka wewe? Nilitazama chini nikakupa siti nene kuliko zote, nyeusi, yenye sponji inayobonyea kama mkate. Niliona nakuheshimu kwa kukupa ya gharama. Ukasema asante, ukaifunga kwenye kitambaa, ukaondoka nayo.

Miezi ikapita. Mara ya pili ulikuja ukasema siti ni nzuri sana, ila kama kuna nyingine hutakataa kuijaribu. Nikauliza, "Inaumiza, Baba?" Ukajibu, "Ntaco, Mama Neema." Si kitu. Ulisema hivyo kwa kila jambo, hata mwaka ule nyuki walipohama mizinga yote. Nami nilipaswa kujua kwamba mtu ambaye haumwi hapandi basi kutoka Murungu hadi Kasulu kwa ajili ya siti. Nilikupa ya springi, pana, ngumu kidogo. Hiyo ndiyo ningekupa tangu mwanzo. Ulipotoka nilijisikia nimefanya kazi yangu.

Ya tatu hukuja mwenyewe. Mama alipiga simu akasema umesikia kuna siti zenye mfereji katikati, je, ninazo. Nikafurahi. Hebu ona, Baba, nilifurahi, nikaona umejifunza mambo ya siti. Sikujiuliza kwa nini mtu wa umri wako anatafuta siti isiyomgusa katikati. Niliifunga vizuri nikampa kondakta wa basi, na jioni Mama akanijulisha kwamba imefika.

Kisha ikaja Krismasi. Tulikuja wote Murungu. Wakati wa sala ya jioni nilikuona umekaa kwenye benchi upande mmoja, mkono umeshika ukingo, unajiinua kidogo kila mara kama mtu aliyekalia kitu cha moto. Uliinuka ukatoka nje, ukarudi, baada ya muda mfupi ukatoka tena. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, ina pancha, na Mama alikuwa amenieleza mchana kwamba hujaipanda kwa zaidi ya wiki mbili.

Wiki mbili, Baba. Nilihesabu pale pale katikati ya sala. Nilijua kabisa kwamba hiyo haikuwa siti.

Maneno yalifika mdomoni. Ulipita karibu yangu kwenda kunawa, tulikuwa wawili tu pale uani, na ningeweza kusema, "Baba, twende hospitali." Maneno hayo hayana aibu yoyote hata mtoto akisikia. Badala yake nilichukua kisu nikaenda kumenya ndizi zilizokuwa zimeshamenywa nusu, na wasichana wakashangaa nimekuja kuwanyang'anya kazi.

Njiani tukirudi nilimwambia Yeremia kwamba siti ya Baba bado inasumbua. Nilisema siti. Sikukutaja wewe. Akaniambia nitafute nyingine.

Ulipozidiwa mwezi wa tatu Yeremia alikuja kukuchukua mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye korido ya hospitali na chupa ya uji, mlango haukufungwa vizuri, na nikasikia daktari anakuuliza maumivu yalianza lini. Ukasema, "Tangu siti ya kwanza."

Daktari hakuelewa, akamtazama Yeremia, na Yeremia naye hakuelewa. Mimi nilielewa. Nilikaa chini kwenye sakafu na uji wangu. Kwa hiyo hata siku ile uliyosimama mlangoni ukiulizia mvua, ugonjwa ulikuwa umeshaanza, na ulikuja kwangu kwa sababu kwa mtoto wa kiume uliona aibu, kwa daktari uliona aibu, lakini kuomba siti ulikuwa unaweza. Ulikuwa unaniambia kwa njia pekee uliyokuwa nayo. Nami nikakupa siti.

Walisema ni saratani ya tezi dume, na kwamba imeshasambaa hadi kwenye mifupa. Yeremia aliuliza kama tungewahi ingekuwaje. Daktari alisema hawezi kuahidi kitu kuhusu wakati uliopita. Nimelishika jibu hilo. Siku nyingine linanipunguzia mzigo, siku nyingine linauongeza.

Wiki ya mwisho uliniita karibu. Mama alikuwa ametoka kufua. Ulikuwa umekonda mpaka pete imehama kidole, na hukunitazama, ulitazama dirishani. Ukasema, "Mama Neema, siti zako zote zilikuwa nzuri. Usije ukaacha hiyo kazi."

Ulijua. Ulijua nilichokuwa nakifikiria, na ukiwa na maumivu yale ulitafuta namna ya kunipumzisha. Hapo ndipo ningekuomba msamaha. Nilikunja shuka miguuni pako, nikasema, "Ndiyo, Baba," nikatoka na beseni. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, na ndiyo yanayonikalisha leo na karatasi.

Nisamehe. Nimeyaandika kwa sababu sikuyasema.

Kazi sijaiacha. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, anataka siti laini. Nikamuuliza kama anasikia maumivu akishashuka. Akasema hilo halinihusu. Nikamwambia kwamba baba mkwe wangu alikufa kwa sababu nilidhani halinihusu. Alitoka bila kununua na bila kuaga. Sikulala vizuri, nikaona nimemkosea mzee wa watu. Wiki iliyofuata alikuja mkewe, akakaa kwenye benchi, akanieleza kwamba wamekwenda, wamepimwa, na mzee amepewa dawa. Sijui itakuwaje kwake. Ila amekwenda.

Kuna jingine, na hili ndilo kubwa. Mama yuko nasi tangu arobaini ilipoisha. Anamfundisha Neema kusuka mikeka, anamgombeza Yeremia kwa kuchelewa kanisani, anacheka kidogo siku hizi. Lakini nimemwona, Baba. Akiinua ndoo anashika ubavuni, chini ya titi la kushoto. Akioga anajifungia muda mrefu. Juzi nilifua gauni lake nikakuta doa dogo ndani, upande ule ule, na nilipotoka kulianika alikuja haraka akalichukua kutoka mkononi mwangu, akasema ataanika mwenyewe.

Yeye ni mama mkwe wangu. Hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kumuuliza mama mkwe kuhusu titi lake. Nimezunguka na jambo hili siku mbili, na kila nikikaribia najikuta nimeshika ufagio.

Kesho ni Jumapili. Nakuahidi hivi: tukitoka kanisani, Yeremia atamchukua Neema kwa shangazi yake, hilo tumeshapanga. Nitatandika mkeka uani, nitakaa naye, nitamuuliza panauma wapi na tangu lini. Akiniuliza habari za mvua, nitamwacha amalize, kisha nitauliza tena. Akikasirika, nitavumilia hasira yake. Na Jumatatu duka halitafunguliwa, kwa sababu tutakuwa kwenye foleni ya hospitali, mimi na yeye, nimemshika mkono.

Pumzika, Baba. Nitampa salamu zako nikishamaliza kumuuliza.

Mkweo,
Mama Neema