Kwa Nini Nilinyamaza Kwenye Simu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Makanyagio hatujambo. Baba yako amemaliza kuvuna mahindi, ila nyumba imepoa tangu uende masomoni.

Uliuliza kwa nini nilinyamaza uliponieleza utafiti wako: kwamba virusi vya UKIMWI vinapojinakili, mnavichanganyia vipande bandia ili vikosee, vizidi kukosea, mpaka vishindwe kuzaliana.

Nilimkumbuka Dafroza, mdogo wangu. Aliugua kule Sibwesa, dawa za kurefusha maisha zikiwa hazijafika kwetu. Siku moja nilikuwa namsuka nywele uani, akaniuliza, "Dada, hivi kuna mtu yeyote anauhangaikia huu ugonjwa?"

"Wapo," nikamjibu. Sikumjua hata mmoja.

"Basi wasichoke," akasema, akainamisha kichwa nimalizie.

Hakufikia mavuno. Mpaka leo nikisuka nywele za mtoto yeyote, vidole vyangu vinamtafuta yeye.

Ulisema kazi yenu bado iko maabara, na huenda isifaulu. Sawa, mama. Nilitaka tu ujue kwamba zamani, kabla hujazaliwa, kuna mtu aliwaulizia.

Bibi yako anayekungoja,
Skolastika